Nauza mahamri barazani, mwenye duka ananitoza VAT hadi ya unga

Mama, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni kwa wakwe zangu. Asubuhi nauza mahamri, mbaazi za nazi na chai hapo barazani kwa mavyaa. Mume wangu ana boda, bado ya mkopo. Biashara yangu si kubwa, lakini siku ambayo pikipiki haikupata kitu ndiyo inayotulisha, na karo inatoka hapo hapo.

Mpaka mfungo ulipoisha nilikuwa nikinunua vitu vyangu kwenye duka moja la jumla huko Kongowea bila maneno. Nafika, nataja, napimiwa, naondoka. Sasa chama chetu kimeanza kukopesha, na mweka hazina amesema anayetaka mkopo alete risiti za miezi mitatu ionekane biashara ipo kweli. Nami nautaka ule mkopo ninunue jiko kubwa. Nilipomwomba mwenye duka risiti akaniambia, "Ukitaka risiti, ni bei pamoja na VAT." Nikauliza hiyo kodi ya bidhaa ni ngapi. Akasema asilimia 16, ndiyo sheria, kodi zimepanda, si yeye. Nikanyamaza nikalipa.

Hesabu yangu ya siku ni hii. Unga wa ngano paketi mbili za kilo mbili mbili, 340. Sukari nusu kilo, 80. Mafuta lita moja, 300. Hamira na iliki, 60. Hizo zote zinatoka kwake, 780. Halafu nazi tatu kwa mzee wa nazi, 150, gesi naikadiria 120 kwa siku, na tuktuk 100. Jumla 1,150. Napata mahamri kama 130, nayauza kumi kumi, 1,300. Yaani mahamri yenyewe yananiachia 150, mbaazi na chai ndizo zinazojazia. Siku nzuri mauzo yote yanafika 2,200.

Sasa mwenye duka anaongeza 125 kwa kila mzigo wa siku. Karatasi anayonipa imechanwa kwenye daftari, ameandika kwa kalamu: "Bidhaa 780. VAT 125. Jumla 905." Chini amepiga muhuri wa duka, basi.

Nyumbani nako kumechafuka. Mume wangu anasema nimejitakia, sisi watu wa chini hatulipi kodi, kodi ni ya wenye mishahara, na nikiendelea kudai risiti KRA, watu wa kukusanya kodi, watanifuata mpaka barazani. Mavyaa amesema nisithubutu kupandisha hamri, watoto wa mtaa wanakuja na sarafu ya kumi wakienda shule na hawana nyingine. Wifi yangu anasema niache gesi nirudi kwenye makaa, maana hata gesi ina kodi. Hapo simbishii sana, kwa sababu mwaka 2021 gesi ilipopanda niliuweka mtungi uvunguni, nikapikia makaa, na kifua kikanisumbua mwaka mzima.

Naomba unisaidie. Huyu mwenye duka ana haki? Ni kweli kwamba sisi hatulipi kodi? Na hamri nipandishe hadi 15 ama nifanyeje? Jina langu usilitaje.

Muuza mahamri, Kisauni


MAMA ANAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Nianzie dukani, maana hapo ndipo pesa yako inapovuja. Zile 125 usizilipe tena, hata kesho.

Unga wa ngano hautozwi VAT ya asilimia 16 Kenya. Unga wa mahindi pia hautozwi, na mkate wa kawaida vile vile. Kwa hiyo katika zile 780 zake, 340 za unga hazina kodi ya kuongezwa. Akizipiga asilimia 16 anapata shilingi 54 na senti kidogo, na hizo hakuna sheria yoyote inayomruhusu kuzichukua. Hapo hana la kujitetea.

Zinabaki sukari, mafuta, hamira na iliki, 440 jumla. Sukari na mafuta ya kupikia yana VAT kweli, na bidhaa za paketi kama hamira pia. Lakini ile kodi iliingia zamani. Kiwanda kilipomuuzia mtungi wa mafuta kilimtoza, naye akaipandisha juu ya bei anayokuuzia wewe na kila mtu. Ukitaka kujua VAT iliyojificha ndani ya bei, zidisha bei kwa 16 kisha gawanya kwa 116. Lita yako ya mafuta ya 300 ina shilingi 41 za kodi tayari. Sukari yako ya 80 ina 11. Ukijumlisha na hamira na iliki unafika kama 61 kwa siku. Hizo ndizo VAT zako halali, na umekuwa ukizilipa miaka yote bila karatasi. Yeye akiongeza 16 nyingine juu, anakutoza kodi juu ya kodi, na ya pili haivuki mfuko wake.

Najua atakavyojibu. Atasema bei yake ya kila siku ni bei kabla ya VAT, ndiyo maana ni nafuu. Tumpe nafasi hiyo, kwa sababu wapo wafanyabiashara wanaouza bila risiti ili mauzo yasionekane, na bei yao huwa chini kidogo kwa sababu hiyo. Hata kama ni hivyo, angeweza kuongeza asilimia 16 ya 440 tu, ambayo ni 70, na risiti ingekuwa ya mashine yenye kuonyesha kodi hiyo. Wewe ametaka 125 na kukupa karatasi ya daftari. Kuujua ukweli si kazi kubwa: Kongowea ina maduka mengi, tembea mawili au matatu yanayotoa risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti wa KRA, uliza bei ya lita moja na paketi moja ya unga. Zikilingana na zile za kwake, basi VAT ilikuwa ndani siku zote.

Risiti ya kweli utaijua. Ina PIN ya muuzaji, yaani namba yake ya kodi, ina namba ya risiti yenyewe, na ina ule mraba wa vidoti ambao ukiupiga kwa simu unakupeleka kwenye ukurasa wa KRA unaoonyesha risiti ile ile. Chukua risiti yoyote ya supamaketi uitazame vizuri: kando ya kila bidhaa kuna herufi, na chini kuna jedwali dogo linaloeleza herufi ipi ni ya asilimia 16 na ipi ni ya sifuri. Mkate na sabuni haviwezi kuwa na herufi moja. Watu wengi huikunjakunja karatasi hiyo na kuitupa mlangoni, na ndiyo darasa la bure la kodi lililopo nchini.

Jambo jingine. Kutoza VAT si ruhusa ya kila mwenye duka. Mfanyabiashara anasajiliwa kwa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, ambayo ni kama 13,700 kwa siku, na ambaye hajasajiliwa hana haki ya kutaja VAT kwa mteja. Duka la jumla Kongowea linapita kiwango hicho kabla ya adhuhuri. Basi huyu ama amesajiliwa na anaficha, ama hajasajiliwa na anadanganya. Mimi sijui ni lipi, na wewe huna haja ya kujua. Muulize kwa sauti ya kawaida, watu wengine wakiwapo: "PIN yako ya VAT ni ipi, niiandike kwenye daftari langu la chama?" Utaona uso.

Sasa mume wako. Msalimie, umwambie hivi: hapo nyumbani anayelipa kodi ya bidhaa kwa wingi huenda ni yeye. Kila lita anayotia kwenye ile boda ina ada ya kutunza barabara ya shilingi 25, ambayo ilikuwa 18 mpaka Julai 2024. Akitia lita mbili kwa siku ametoa 50 kwa ada hiyo pekee, kabla hatujafika kwenye ushuru wa bidhaa wala VAT. Akinunua salio la simu, kuna ushuru na VAT. Akituma pesa kwa simu, ile ada ya kutuma ina ushuru ndani yake. Tokeni za stima zina VAT, itazame ile meseji. Anayesema mtu wa chini halipi kodi anamaanisha kwamba halipi ile kodi ya kukatwa kwenye mshahara. Hiyo nyingine anailipa kila siku, ila haina hati ya malipo ya mwezi.

Na inamuuma zaidi kuliko tajiri, hata kiwango kikiwa kimoja. Fanya hesabu nami. Tuseme nyumba yenu inaingiza 20,000 kwa mwezi, na 6,000 kati ya hizo mnazitumia kwa vitu vyenye VAT: mafuta, sukari, sabuni, stima, salio. Kodi iliyo ndani ni 828, zaidi kidogo ya asilimia 4 ya kila mnachopata. Chukua mhandisi wa Nyali anayepata 300,000, anatumia 50,000 kwa vitu vya aina hiyo. Kodi yake ni kama 6,900, nyingi kuliko yenu mara nane, lakini kwa pato lake ni asilimia 2 na nukta tatu. Zinazobaki anaweka akiba, ananunua kiwanja, analipa shule ya binafsi, mambo ambayo mengi hayaguswi na VAT. Ninyi hamna kinachobaki cha kuepusha. Ndiyo sababu nchi nyingi zenye kodi hii huacha vyakula vya msingi nje, na ndiyo sababu mwaka 2024 watu waliwaka moto Mswada wa Fedha ulipotaka mkate utozwe asilimia 16. Mkate wa 65 ungefika 75. Kwa mhandisi hiyo ni habari ya gazetini, kwa nyumba inayonunua mkate mmoja na kuukata vipande vya kuhesabu ni mtoto mmoja kukosa kipande. Kamati ya bunge iliuondoa mkate kwenye mswada katikati ya Juni, na tarehe 26 mwezi huo, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, rais akakataa kuutia sahihi mswada wote. Katika mswada huo huo kulikuwa na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kula, na kwa biashara yako wewe huo ungekuwa mbaya kuliko ule wa mkate. Hesabu mwenyewe lita yako ya 300.

Jambo linalonikera kuhusu kodi hizi si kupanda kwake peke yake. Zikipanda, bei inapanda usiku huo huo. Zikishuka, bei inasubiri. Aprili 2020, wakati wa korona, serikali iliishusha VAT kutoka 16 hadi 14. Kitu kilichokuwa kikiuzwa 100 kilipaswa kushuka hadi 98 na senti kidogo. Nani alikurudishia shilingi yako na senti zake? Kwenye supamaketi kubwa zenye kompyuta bei zilibadilika. Kwenye kibanda ambako kila kitu ni kumi, ishirini, hamsini, shilingi moja na senti 72 haina pa kuingilia. Januari 2021 kodi ikarudi 16, na sasa senti zile zile zikapata pa kuingilia, kwa sababu mwenye kibanda haongezi shilingi mbili, anaongeza tano. Majirani zetu Tanzania walilipitia hili kwa njia yao. Mwaka 2018 waliondoa VAT kwenye taulo za kike ili wasichana wazipate kwa bei nafuu, na mwaka uliofuata serikali ikairudisha kwa hoja kwamba bei madukani hazikushuka. Msamaha ulitolewa, muuzaji akaula, kisha msichana ndiye aliyenyang'anywa. Sijawahi kuelewa kwa nini dawa ilikuwa kumwadhibu mnunuzi.

Kuna siri nyingine ndogo hapo, ambayo wanasiasa hawaisemi redioni. Bidhaa inaweza kukosa VAT kwa njia mbili. Ikiwa ya asilimia sifuri, kama mkate wa kawaida, mwokaji anadai KRA imrudishie VAT aliyolipa kwenye karatasi za kufungia, vipuri vya mashine na mengineyo, kwa hiyo bei inatoka safi. Ikiwa ya msamaha tu, harudishiwi kitu, na kodi ile ya karatasi na vipuri anaitia kimyakimya kwenye bei. Kwa hiyo siku utakaposikia bidhaa "imehamishwa" kutoka sifuri kwenda msamaha, na mtangazaji akasema haina tofauti kwa mwananchi, tarajia shilingi kadhaa.

Mafuta ya petroli ndiyo mlango mkubwa wa kodi kwenye chakula ambacho chenyewe hakina kodi. Unga wako hauna VAT, lakini lori lililouleta linatumia dizeli. Nauli ya matatu haina VAT, lakini tenki lina. VAT ya mafuta ilianza Septemba 2018 kwa asilimia 16, nchi ikapiga kelele, mwezi huo huo ikapunguzwa hadi 8, na Julai 2023 ikarudishwa 16. Nauli za Kisauni unazijua kuliko mimi: zikiongezeka kumi hazirudi. Na mafuta ya taa yalipata pigo la pekee. Tangu Septemba 2018 yametozwa ada ya shilingi 18 kwa lita, kwa sababu walanguzi walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Walanguzi walikuwa wachache. Waliokuwa wakipikia stovu ya mafuta ya taa walikuwa mitaa mizima.

Hapo namjibu wifi yako. Kumbukumbu yake ni ya kweli ila imepitwa na wakati. Gesi ya kupikia ilitiwa VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ndio mwaka uliouweka mtungi uvunguni. Julai 2022 ikashushwa hadi 8. Julai 2023 ikaondolewa kabisa. Makaa nayo yanapanda gari linalokunywa dizeli, yanapita kwa wakala na wakala mwenzake, na hayakupi moto wa kupunguza na kuongeza ambao mahamri yanautaka. Ukiyapika kwenye moto usiotulia yanakunywa mafuta, na mafuta ndiyo yenye kodi. Tena kuna kifua chako. Baki na gesi. Wifi akikazania makaa, mpe karai akukaangie asubuhi mbili.

Hofu ya KRA. Kuna kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo, nayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo, si ya faida, kwa wanaouza kuanzia milioni moja kwa mwaka hadi milioni 25. Wewe, hata kila siku ikiwa nzuri, 2,200 kwa siku 26 za mwezi ni 57,200, na kwa mwaka ni 686,400. Hujafika. Risiti unayodai dukani inaonyesha umenunua, na anayeogopa kuonekana ni aliyeuza. Ila biashara ikikua na ukaukaribia huo milioni, njoo tena tuongee, kwa sababu asilimia 3 ya mauzo kwa mtu mwenye faida nyembamba kama yako si mzaha. Kwenye mahamri ya 1,300 ni shilingi 39, zaidi ya robo ya zile 150 zako.

Kuhusu hamri ya kumi: usipandishe. Mavyaa ana sababu zake za huruma, mimi nina za hesabu. Ulikuwa ukipata 150, mwenye duka akala 125, ukabaki na 25, ukaona biashara inakufa. Biashara haijafa, imeibiwa. Ukimwondoa yeye unarudi kwenye 150 bila kumgusa mteja. Kutoka kumi hadi kumi na tano ni kuongeza nusu ya bei kwa mkupuo mmoja, na mtoto mwenye sarafu moja hataleta ya pili, atapita kwa jirani anunue mandazi. Wala usipunguze ukubwa kwa siri. Watu wa Kisauni wanaipima hamri kwa jicho kabla hawajaishika.

Ikija siku gharama zikapanda kweli, tuseme mafuta yamefika 350 na nazi zimeadimika, basi ongezeko liweke kwa mtu mzima. Anayekaa barazani akala hamri mbili na sahani ya mbaazi na chai anaweza kubeba shilingi tano juu ya mbaazi. Mtoto wa sarafu ya kumi mwache na hamri yake. Hivyo na mavyaa mtakuwa salama.

Na kuna pesa nyingine unayoiacha mezani ambayo haina uhusiano na serikali. Unanunua mafuta lita moja kila siku. Bila shaka kuna wenzako mtaani wa viazi karai na bhajia wanaofanya hivyo hivyo. Unganeni wanne, nunueni mtungi wa lita 20, mgawane kwa chupa mkiwa mmekaa pamoja ili asionewe mtu. Tuseme lita inawaangukia 270. Umeokoa 30 kwa siku, na VAT yote iliyo ndani ya lita yako ni 41. Mnunuzi wa kidogo kidogo analipishwa mara mbili, na ile ya pili haitangazwi kwenye bajeti. Sukari nayo mnaweza kuchukua mfuko, ila msiiweke ardhini.

Mkopo wa chama. Mwambie mweka hazina ukweli: duka ulilokuwa ukinunua limekupa karatasi za daftari na umehama. Kuanzia sasa nunua kwenye duka lenye eTIMS, kwa bei ya kawaida, na uwe na daftari lako mwenyewe: upande mmoja ulichonunua, upande wa pili ulichouza, tarehe juu. Mweka hazina mwenye busara ataangalia daftari la miezi mitatu lisilo na kurasa zilizoruka kuliko atakavyoangalia lundo la risiti. Mzee wa nazi hana risiti na hatakuwa nayo, na hakuna chama Mombasa kisichojua hivyo.

Zile pesa ulizokwisha kulipa tangu mfungo uishe usizisahau. Zile karatasi zake zenye maandishi "VAT 125" na muhuri umezihifadhi? Usizitupe, wala usimpe za asili. Zipige picha, nenda naye mkae pembeni umwambie pesa zako utazichukua kwa bidhaa mpaka deni liishe, unga paketi moja leo, sukari kesho. Nadhani atakubali haraka kuliko unavyofikiri, maana ameandika VAT kwa mkono wake mwenyewe kwenye bidhaa isiyo na VAT na akapiga muhuri. Akikataa, ingia Huduma Centre, kuna meza ya KRA, uwaonyeshe. Ukiogopa kuonekana, KRA wana mfumo wa mtandaoni unaoitwa iWhistle, unapokea taarifa bila kutaka jina lako. Mwombe mtoto wa jirani mwenye simu nzuri akusaidie, asubuhi ile ile anapokuja kununua hamri.